Uchambuzi wa kisa: Mpiga gitaa wa Avalon na mikataba yake miwili

Kisa kwa ufupi

Mississippi John Hurt alirekodi nyimbo 20 mwaka 1928, akalipwa chake, akarudi kijijini kulima. Ikapita miaka 34 bila mtu wa studio kumtafuta. Mwaka 1963 vijana waliokuwa wakikusanya santuri za zamani wakamkuta yu hai, wakamwomba apige tena, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapanda jukwaa la tamasha kubwa kuliko yote ya muziki wa asili nchini Marekani. Alifariki mwaka 1966. Mashauri kuhusu kanda zake yaliendelea mahakamani miaka mingi baada ya mazishi.

Watu husimulia habari hizi kama hadithi ya bahati njema. Bahati ilikuwepo, sikatai. Ila anayefanya kazi na wanamuziki, hasa wazee, atafaidika zaidi akizisoma kama habari za mikataba miwili. Wa kwanza uliandikwa na kampuni iliyomtaka kwa biashara. Wa pili uliandikwa na watu waliompenda kwa dhati. Katika yote miwili, aliyekuwa akipiga gitaa hakuwa na mtu wake mezani.

Jina la mwanamuziki nimelitaja kwa sababu habari zake ni za wazi na bila yeye kisa hakisimami. Majina ya waliomtafuta, ya wasimamizi wake, ya kampuni zilizogombana na ya wanafamilia nimeyaondoa. Lengo si kumshtaki mtu.

Mazingira

Hurt alizaliwa Teoc, jimbo la Mississippi, mwanzoni mwa miaka ya 1890, akakulia Avalon, kitongoji kidogo katika wilaya ya Carroll. Ni pale tambarare ya pamba ya Delta inapokoma na vilima kuanza. Jiografia hiyo inasikika katika muziki wake. Waimbaji wengi wa bluzi wa Delta walipaza sauti na kuzivuta nyuzi kwa nguvu, maana walipiga kwenye vilabu vyenye kelele. Hurt aliimba kama mtu anayezungumza na jirani kibarazani, na gitaa lake halikuwa na papara.

Mama yake alimnunulia gitaa kuukuu kwa dola moja na nusu. Hakuwa na mwalimu. Mpiga gitaa mmoja alikuwa akilala kwao mara kwa mara, na mtoto akilinyatia gitaa la mgeni watu wakishalala. Alichojifundisha usiku ndicho kilichokuja kumpa jina. Kidole gumba chake kinapiga nyuzi nene za besi kwa zamu, juu na chini, bila kuyumba, na hapo hapo kidole cha shahada na cha kati vinaupiga wimbo wenyewe kwenye nyuzi nyembamba, mara vikitangulia pigo, mara vikichelewa kidogo. Vidole viwili vilivyobaki vimetulia juu ya ubao wa gitaa. Ukisikiliza bila kuona utadhani wanapiga watu wawili. Msomaji aliyelelewa na gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Katanga atalitambua pigo la namna hii mara moja, ingawa Mwenda alitumia kidole gumba na cha shahada tu na alifika kwenye ufundi wake kwa njia nyingine kabisa. Mwenda naye alipiga kwenye tamasha la Newport, lile kubwa nililolitaja juu, mwaka 1969, miaka sita baada ya Hurt.

Kwa riziki, Hurt alikuwa kibarua na mkulima wa kugawana mavuno. Jambo hili lisipitwe haraka. Katika kilimo hicho mwenye ardhi hukopesha mbegu, chakula na zana, na msimu ukiisha ndiye anayefungua daftari na kusema nani anamdai nani. Mkulima Mweusi wa Mississippi wakati ule hakuwa na njia salama ya kulipinga daftari hilo. Mtu anayeishi hivyo maisha yake yote huzoea kwamba hesabu huandikwa na mwingine, na kuuliza maswali kunaweza kumponza.

Yaliyotokea

Hurt alikuwa akipiga kwenye ngoma za kijijini, za Weusi na za Wazungu. Mpiga fidla Mzungu, jirani aliyeshirikiana naye, alipata nafasi ya kurekodi na kampuni ya Okeh kwa kushinda shindano, akamtaja Hurt kwa mtu wa kampuni. Huyo akaja, akamsikiliza, akaridhika. Tarehe 14 Februari 1928 Hurt alikuwa Memphis, ndani ya ukumbi mkubwa wenye watu watatu tu: yeye, mtayarishaji na fundi. Walimkalisha kitini, wakamsogezea kipaza sauti mpaka mdomoni, na walipopata mkao mzuri wakamwambia asijitikise. Baadaye alisimulia jinsi alivyokuwa na wasiwasi, na jinsi shingo ilivyomuuma kwa siku kadhaa. Ukiisikia sauti yake tulivu katika rekodi hizo, kumbuka shingo hiyo iliyokakamaa.

Memphis alirekodi nyimbo nane. Zilitolewa mbili. Neno “Mississippi” liliongezwa na kampuni mbele ya jina lake ili santuri ziuzike. Mwezi Novemba kampuni ilimwandikia barua ikimwita New York: dola 20 kwa kila wimbo, na gharama za safari kwenda na kurudi juu yao. Alikwenda, akarekodi tarehe 21 na 28 Desemba. Mji ulikuwa mkubwa na nyumbani kulikuwa mbali, akatunga wimbo kuhusu kijiji chake na kukitaja kwa jina. Wimbo huo, “Avalon Blues”, ulirekodiwa pamoja na mingine. Hakuna aliyejua kwamba ameshaacha anwani yake.

Mwaka uliofuata uchumi ulianguka. Mwaka 1927 santuri zilizouzwa Marekani zilizidi milioni 100. Mwaka 1932 zilikuwa kama milioni sita tu. Kampuni ziliacha kuwatafuta waimbaji wa mashambani. Hurt akarudi kwenye jembe na ng'ombe wa watu, akawa mpiga gitaa wa Jumamosi wa Avalon.

Mwaka 1952 msanii mmoja wa New York alitoa mkusanyiko wa santuri za zamani kupitia kampuni ya Folkways, akaweka ndani yake nyimbo mbili za Hurt. Vijana wa mijini wakazinakili kidole kwa kidole. Wengi wao waliamini mpigaji amekwisha kufa.

Kisha, mwaka 1963, kanda yenye nakala ya “Avalon Blues” ikawafikia wakusanyaji wa eneo la Washington kutoka kwa mkusanyaji wa Australia. Mmoja aliusikiliza kama taarifa, si kama wimbo tu. Avalon haikuwa kwenye ramani za kawaida, akaipata katika atlasi ya zamani. Mwenzake alikuwa na safari ya kusini. Alipofika kwenye duka la Avalon akauliza kama kuna mtu anayemjua John Hurt, akaelekezwa njia: sanduku la tatu la barua, juu ya kilima.

Mgeni huyo alikuwa Mzungu wa kutoka mbali, na hapo ilikuwa Mississippi, miezi michache tu tangu ghasia za Oxford, mji wa jimbo hilo hilo, zilizozuka James Meredith alipojiunga na chuo kikuu cha jimbo akiwa mwanafunzi wa kwanza Mweusi. Hurt alidhani ni askari. Hakuwa hata na gitaa, na mgeni akampa la kwake. Vidole vilikuwa vizito kwa kukaa bila mazoezi, lakini pigo lilikuwa lile lile. Mgeni akamwomba wafuatane Washington, naye akakubali.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Uamuzi wa Okeh kulipa kwa wimbo, papo hapo, bila mrabaha (fungu la mapato ya kila santuri inayouzwa), ulikuwa desturi ya biashara wakati ule. Kampuni ilibeba gharama za mtambo na safari, ikawa inakisia kwamba katika nyimbo kumi ni chache zitakazouzika. Kwa mkulima, dola 20 kwa wimbo hazikuwa fedha za kudharau, na naelewa kwa nini alisafiri. Tatizo la desturi ile ni kwamba wimbo ukiendelea kuishi, malipo yake hayaendelei.

Okeh ilifanya uamuzi mwingine usiotajwa sana. Iligawa santuri za watu wa kawaida kwa rangi: mfululizo wa nambari 8000 kwa wanunuzi Weusi, wa 45000 kwa Wazungu wa vijijini. Hurt, aliyepiga nyimbo za kale zilizopendwa na pande zote, aliwekwa kwenye 8000. Wazungu waliocheza kwa gitaa lake Jumamosi wasingeikuta santuri yake kwenye orodha waliyoletewa. Naamini hili lilimpunguzia soko kabla hata ya uchumi kuanguka.

Waliompata mwaka 1963 waliamua jambo moja kwa busara kubwa: wasimbadilishe. Hawakumtafutia bendi, wala gitaa la umeme, wala nyimbo mpya za kupendeza vijana. Walimweka kitini na kipaza sauti, safari hii huru kutikisa kichwa. Pia waliharakisha kumrekodi, maana alikuwa na miaka takriban 70, na mwaka huo huo nyimbo zake zikahifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Waliamua pia kuunda kampuni yao ndogo na kumsainisha mkataba uliowapa haki ya kusimamia na kurekodi kazi yake. Sababu yao ilikuwa na mantiki. Walihofu kampuni kubwa zitamnyonya kama zilivyowanyonya wengine, wakaona afadhali awe mikononi mwao.

Na uamuzi wa Hurt mwenyewe? Alipoulizwa baadaye kwa nini alikubali kuondoka, alieleza kwamba alimdhania yule mgeni kuwa polisi, akaona kwamba akikataa atachukuliwa tu, hivyo bora akubali. Watu husimulia maneno hayo huku wakitabasamu. Mimi yananitia simanzi. Safari nzima ya miaka mitatu, yenye mema yote yaliyofuata, ilianza kwa ridhaa ya mtu aliyeamini hana uwezo wa kusema hapana.

Matokeo

Julai 1963 alipiga Newport, jimbo la Rhode Island. Wasikilizaji waliomjua kwa santuri zenye mikwaruzo walimwona mzee mfupi mwenye kofia, akitabasamu, akipiga nyimbo za mwaka 1928 kana kwamba amezirekodi jana. Zikafuata maonyesho vyuoni na kwenye migahawa ya kahawa ya Washington, magazeti ya taifa, televisheni, na albamu kadhaa. Alipata kipato kilichozidi kile cha kuchunga ng'ombe.

Athari yake ilitanda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vidole. Pigo lake likawa somo la msingi kwa kizazi kizima cha wapiga gitaa kwa vidole, kwa sababu linaweza kufundishwa: anza na kidole gumba peke yake mpaka kisikuhitaji tena, ndipo uongeze vidole vingine. Mpiga gitaa Doc Watson alipiga nyimbo zake. Bendi ya The Lovin' Spoonful ilichukua jina lake kutoka kwenye wimbo wake mmoja.

Njia ya pili ni mbinu ya kutafuta. Baada ya Avalon, watafiti walianza kusikiliza majina ya mahali ndani ya nyimbo. Mwaka huo huo barua iliandikwa kwa Bukka White, “mwimbaji mzee wa bluzi”, kupitia posta ya Aberdeen, Mississippi, mji alioutaja katika wimbo wake. Barua ikamfikia Memphis. Mwaka 1964 wakapatikana waimbaji wengine wa bluzi, Skip James na Son House. Bila sanduku la tatu la barua pale kilimani, sidhani kama msako huo ungepata kasi ile.

Hurt alirudi Mississippi, akafariki mjini Grenada tarehe 2 Novemba 1966. Kufikia hapo alikuwa amerekodi pia kwa kampuni kubwa zaidi, na ile kampuni ndogo ilikuwa na mkataba wake mkononi. Kampuni hizo mbili zikashitakiana. Shauri lilifika mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York mwaka 1976, miaka kumi baada ya kifo chake. Nyumba yake ya Avalon ilifanywa makumbusho, na mwaka 2024 ikateketea kwa moto.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni usikivu. Santuri ile ilikuwa imesikilizwa na wengine kabla, ila mmoja ndiye aliyeuliza: Avalon ni wapi? Anayehifadhi kanda za zamani, za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) au za studio yoyote, ana utajiri wa namna hiyo mbele yake: majina ya mitaa, ya mabaa, ya watu waliosalimiwa katikati ya wimbo. Ni ushahidi, na wengine waliotajwa humo bado wako hai.

Kingine kilichofaa ni kumheshimu mzee katika ukamilifu wake. Angeweza kugeuzwa kivutio. Badala yake alipewa nafasi ya kupiga anachokijua kwa namna anavyokijua, na ndiyo maana rekodi za miaka ya 1960 zinasimama kando ya zile za 1928 bila aibu.

Kilichokwama ni mahali pale pale kilipokwama mwaka 1928. Waliompata walikuwa wagunduzi, mashabiki, mameneja, wachapishaji na washauri wake, vyote kwa pamoja. Kila kofia ina maslahi yake, na hakuna mtu mwaminifu kiasi cha kujadiliana na nafsi yake kwa niaba ya mwingine. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema nia njema yao ndiyo iliyowafanya wasione haja ya kumtafutia wakili. Mtu anayejua kwamba ana nia mbaya angalau huogopa wakili wa upande wa pili. Mwenye nia njema hushangaa kwamba unamhitaji.

Yarudie yale mazingira: mtu aliyezoea daftari la mwenye shamba, aliyemdhania mgeni wake kuwa polisi. Kumwekea mtu kama huyo karatasi mbele, hata kwa upole, hata baada ya kumsomea kila kifungu, hakutoshi kuiita sahihi yake ridhaa. Kulihitajika muda, pengine wiki kadhaa, arudi kwake akazungumze na mke wake na watu anaowaamini kabla ya kusaini. Alihitaji wakili anayelipwa na mfuko mwingine, si na waliotaka sahihi. Kulihitajika mkataba mfupi, wa mwaka mmoja au miwili, wenye mlango wa kutokea, na kifungu kinachosema wazi nini kitatokea akifariki. Hurt alikuwa mzee tayari, na kila aliyekuwa mezani alijua. Kifungu hicho kinakera kukizungumza na mtu aliye mbele yako akicheka. Kukikwepa ndiko kulikozaa mahakama.

Baadhi ya wanaokisimulia kisa hiki hutetea kwamba bila mkataba ule asingetoka Avalon kamwe. Ni kweli alihitaji mtu wa kupanga safari na kupokea simu. Lakini kazi ya kupanga safari hulipwa kwa asilimia ya onyesho husika, na hukoma onyesho likiisha. Haihitaji kushika haki ya sauti ya mtu. Kuchanganya huduma na umiliki ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika mikataba ya wanamuziki, na linapitishwa kirahisi zaidi pale meneja anapokuwa rafiki.

Kuhusu rekodi za 1928, sheria ya Marekani haikuzilinda rekodi za sauti kwa ngazi ya shirikisho mpaka Februari 1972, na hata ulinzi huo ulihusu rekodi mpya. Zile za zamani ziliachwa kwa sheria za majimbo, na waliozitoa upya katika miaka ya 1950 na 1960 hawakuwa na mfumo unaowalazimisha kumtafuta mwimbaji. Sheria ya mwaka 2018 ilizipa rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 ulinzi wa miaka 100. Kwa hiyo santuri ya kwanza ya Hurt, ile ya Memphis, itakuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2029. Kuanzia siku hiyo yeyote ataweza kuitoa bila kuomba ruhusa. Anayefikiria kufanya hivyo ana muda wa kutosha wa kujua warithi ni nani na kuamua atawapa nini, ingawa sheria haitamdai chochote.